Mpaka Injini Ipoe

Eucabeth aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa mbio. Bado ilikuwa moto.

"Leo sipimi," alimwambia mwenye gari, mzee wa duka la vitambaa mjini. "Nashuku pampu inayopuliza hewa kwa ekzosi, bomba la moshi. Hiyo hufanya kazi dakika moja tu, injini ikiwashwa ikiwa baridi. Nisipoisikia kwa masikio yangu, nitakuuzia pampu usiyoihitaji."

"Sasa?"

"Iache ilale hapa. Kesho saa moja asubuhi naiwasha."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye karatasi juu ya meza ya spana, ile iliyosukumwa chini ya mlango wa gereji alfajiri. Haikuwa na jina la mtu. Ilisema, kwa wino mwekundu, watu wa kabila la Eucabeth wawe wametoka mtaa wa Free Area kabla ya jua kuzama. Ilikuwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, na jirani wa Eucabeth alikuwa tayari anapakia magodoro kwenye pikapu.

"Fundi," mzee aliuliza polepole, "kesho utakuwa hapa kweli?"

Eucabeth aliichomoa fimbo ya kupimia oili. Akaichukua ile karatasi, akaipangusia fimbo, akaikunja, akapangusa tena, mpaka wino mwekundu ukamezwa na weusi.

"Oili yako pia imechoka," alisema.

Kisha akanyoosha mkono.

"Leta ufunguo, mzee. Na kesho ukichelewa, nitaiwasha bila wewe."