Kumuua Mama wa Uvimbe

Jumatatu Baukje alimtia mama sumu. Watoto wakafa kwa maelfu. Mama mwenyewe akajilalia kimya. Kufika Alhamisi alikuwa ameamka, anazaa kama sungura.

"Mshenzi huyu!" Baukje aliifokea hadubini. Akapiga meza ngumi, vikombe vya kahawa vikaruka.

Maabara yote pale Utrecht ilishamzoea. Kwenye kisahani chake kiliota kipande cha uvimbe wa saratani, kilichokatwa katika utumbo mpana wa mtu. Uvimbe una watoto wengi wapumbavu, nao hufa kwa dawa yoyote kali. Lakini ndani yao amejificha mama, seli shina, asiye na makelele. Dawa ikipita, yeye amelala. Ikishapita huamka akaijaza nyumba upya, na siku akiuchoka utumbo huhamia kwenye ini. Akifika huko, chimbeni kaburi.

Mwenye utumbo ni nani? Pale hawaulizi. Kipande huja na namba tu, ndiyo sheria, ili mkono unaoua usitetemeke. Hiki kilikuwa namba kumi na saba. Hospitali ilisema ini lake bado safi, ila mwisho wa mwezi ataanza dawa, iwe ya kufaa au ya kubahatisha.

"Dada, hiyo ni seli au mama mkwe wako?" alichokoza Jurre, jirani yake wa meza.

"Mama mkwe ningemmaliza kabla ya chai."

Siku hiyo Jurre alikuwa ametimiza miaka, na kwao mwenye siku ndiye anayewalisha wenzake. Alileta keki ya matufaha. Baukje hakuigusa.

"Nitakula mama akifa," akasema, akatoka mbio kama kawaida yake.

"Sigara zitammaliza yeye kabla ya huyo mama!" Jurre akacheka.

Baukje alirudi hana hata harufu ya moshi. Akachukua dawa ya pili, ile iliyotengenezwa kumwinda mama peke yake, akammiminia. Mama akapasuka vipande vipande. Raha iliyoje! Lakini kulipokucha, binti mmoja mpumbavu alikuwa amekalia kiti cha marehemu, na mimba tayari.

Bosi wao, Meindert, akaja na mfuko wa taka.

"Basi, Baukje. Kabati la joto la kuoteshea seli limejaa, na huyu amekushinda."

"Usikiguse hicho kisahani."

"Mtu mwenyewe humjui! Unamng'ang'ania wa nini?"

Akanyoosha mkono. Baukje akamkwida ukosi, akambamiza ukutani. Rafu ikaporomoka, chupa zikapasuka, kigae kikamchana Baukje kiganja. Hakukitazama.

"Kiguse, bosi, nikukate vidole na huu mkasi. Nipe wiki moja."

Meindert aliokota miwani yake. Akampa.

Safari hii Baukje alipigana kihuni. Alimuua mama, halafu akatulia kama paka mlangoni pa panya. Binti alipokinyemelea kiti, kabla makalio hayajatua, akamwagiwa dawa zote mbili kwa mpigo. Binti, ndugu zake, kiti, nyumba: vyote vikateketea. Siku zikapita, Baukje anachungulia, hakuna aliyeamka. Kisahani kilikuwa tope tupu.

Meindert aliinamia hadubini muda mrefu. Alipiga simu hospitali palepale, mbele yao wote.

"Namba kumi na saba. Mpigieni mwenyewe sasa hivi, mwambieni mama amekufa na njia ya kumuua tunayo."

Akakata simu. Akatafuta keki ya Jurre ndani ya friji, imekauka kama kigogo, akakata kipande na kumsogezea Baukje.

"Haya, muuaji. Uliahidi."

Baukje hajakiinua, simu ikalia ndani ya koti lake jeupe. Akafuta mikono polepole, akapokea.

"Najua, daktari," akasema. "Nimemuua mwenyewe."