Dua ya Kukaa Chini

Abdiaziz hakuwa na usingizi tangu Juni. Hakuwa na hamu ya kula, hakuwa na ndugu wa kumsindikiza, wala hakuwa na Kikamba zaidi ya kile cha kuuzia mbuzi. Hata fimbo hakuwa nayo. Aliiacha nyumbani makusudi, pamoja na kisu. Alichokuwa nacho ni dua moja fupi aliyofundishwa na mama yake, kalamu, na barua ndani ya bahasha isiyofungwa.

Barua ilikuwa ya kumpelekea jaji. Hukumu ya vile vita vya shambani ingetolewa wiki ijayo, na jaji alikuwa tayari kusikia neno la msamaha kutoka kwa familia ya marehemu. Kijana mmoja alikuwa rumande, mwingine kaburini. Barua ilikosa sahihi moja tu. Isipopatikana leo katika boma hili, Abdiaziz alijua, haitapatikana kamwe.

Mzee Mwangangi alimwona akiingia langoni, akainua jembe.

"Nakujua! Nilikuona kortini. Umekuja kuangalia nini? Kitanda chake kiko tupu. Mama yake hata kanisani haendi tena. Hiyo haitoshi?"

"Audhu billahi mina shaytani rajim," Abdiaziz akanong'ona. Akakunja ngumi.

"Ngamia wako ndio walileta haya yote! Ungewazuia wasiingie kwa shamba langu la ndengu, mwanangu angekuwa hapa saa hii, anakula."

Mama alimfundisha: hasira ikikukuta umesimama, kaa. Abdiaziz akakaa mavumbini.

"Kaa tu! Hata lala, kama umekuja kupanga nyumba!"

Hasira haikushuka. Ikikukuta umekaa, lala. Akalala chali katikati ya boma, macho kayafumba, akirudia yale maneno mpaka midomo ikamkauka. Kuku walitawanyika. Jembe likasimama juu yake.

"Baba Mutie," mkewe Mbinya akaita kutoka jikoni, "utampiga mtu aliyelala? Tutasema nini kanisani?"

"Wewe si uliacha kanisa?"

"Niliacha kwenda. Sikuacha kuogopa Mungu."

Akaja na jagi la maji, akaliweka chini kando ya mgeni. Abdiaziz akainuka, akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso, akaosha miguu, polepole, kama mtu anayetoa tope lisiloonekana. Maji hayo yalibebwa kutoka mbali, lakini hakuna aliyemwambia apunguze.

Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imetulia. Mwangangi naye alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe, machozi yakimtiririka bila sauti.

Abdiaziz akatoa barua na kalamu, akaikunjua barua juu ya goti.

"Haya, lete," Mwangangi akasema, akinyoosha kidole gumba. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Sijui kusoma. Naweka wapi?"

"Si wewe, mzee. Nyumbani mkono wangu ulikataa."

Akaandika jina lake mwenyewe, chini ya mstari uliosema: *Mimi, baba wa marehemu Aftin, nimemsamehe Mutie wa Mwangangi.* Akairudisha barua ndani, akairamba bahasha, akaifunga mbele yao, akamkabidhi Mbinya. Naye akatoka nayo mbio kuelekea posta ya Kabati, bila viatu.