Kigezo Kilicholala kwenye Baridi

Wenzake wote walikuwa wameenda kula mkate na soseji ya saa tatu. Ottmar alibaki peke yake kando ya mashine mpya ya kupimia, amekikumbatia kigezo kwa viganja viwili kama mtu anayempasha joto kifaranga.

Na kweli alikuwa akikipasha joto. Kila fundi wa Swabia, kusini mwa Ujerumani, anajua kwamba chuma kikipata joto hutanuka. Ndiyo maana chumba cha vipimo hakizidi digrii ishirini, na Swantje, fundi mgeni, alikuwa amekilaza kigezo humo tangu jana ili kipoe barabara.

Kilikuwa kipande cha chuma kinene, kimechongwa nyuzi kama skrubu, na kila skrubu ya kiwanda kile ilihukumiwa nacho. Cheti chake cha kipimo Ottmar alikiandika mwenyewe miaka minane iliyopita, baada ya kukipima kwa nyaya tatu nyembamba na mikono yake.

Sasa kaja huyu Swantje, binti wa kaskazini, na mashine inayopapasa nyuzi kwa kijiti chenye ncha ya rubi, kito chekundu kigumu. Ana wiki tatu tu, na meneja, Bi. Rapp, tayari anamwita “Swantje wetu”. Ottmar ana miaka thelathini na moja hapo na hajawahi kuwa wa mtu. Wivu ulikuwa umemkaba hata soseji haipiti.

Leo mashine ingejaribiwa. Ikikubaliana na cheti, chumba kinakuwa cha Swantje. Ikikosea, inarudi ilikotoka, na Ottmar anabaki na ufalme wake.

Jana binti alimuuliza, “Mzee, kwa mkono hivyo, unapimaje usikosee?”

“Uzoefu, binti. Nakishika, nakigeuzageuza, chenyewe kinaniambia.”

“Bila glavu?”

“Glavu wavae wapasuaji!”

Swantje alicheka. Ottmar akamchukia zaidi, kwa sababu kilikuwa kicheko kizuri.

Viatu vilisikika koridoni. Akakirudisha kigezo mahali pake upesi. Alipiga hesabu kichwani: mikroni tatu zaidi, pengine nne. Unywele wa mtu una sabini, lakini tatu zingetosha kumwaibisha msichana.

Swantje aliingia na glavu zake nyeupe, akakifunga kigezo mezani. Ncha ya rubi ikashuka, ikagusa, ikapanda, ikagusa tena. Bi. Rapp alisimama nyuma yake, cheti mkononi. Ottmar alikunja mikono kifuani, akijizuia kutabasamu.

Namba ikatokea kwenye skrini.

Bi. Rapp akaitazama, akatazama cheti, akaitazama tena. “Haiwezekani! Ni ile ile! Mpaka mikroni ya mwisho! Ottmar, mashine ya yuro nusu milioni imekubaliana na mikono yako!”

Alimpiga Ottmar begani, akampa mkono Swantje, akaanza kuita wengine waje waone.

Ottmar aliisoma ile namba mara ya pili, halafu mara ya tatu, akizitafuta zile mikroni tatu alizoziongeza.

Swantje alivua glavu, akakifungua kigezo. Mkono wake ukasita.

“Mzee Ottmar,” alisema taratibu, “mbona kina joto? Siku ile ya cheti, kilikuwa na joto hivi hivi?”