Tuta la Bi Nguchiro

Sikilizeni yaliyotokea kwenye kilima cha wachimba mashimo. Sheria ya kilima ilisema kila mmoja achimbe shimo lake apendavyo, ila udongo anaoutoa nje usipite urefu wa mkia wa nguchiro, usije ukamzibia jirani jua.

Muhanga, mwenye makucha na majivuno, akarundika udongo mlangoni pake ukawa kama ukuta. Mayai ya jirani yake, Kenge, yakaanza kupoa kivulini. Kenge akaenda kulia kwa Bi Nguchiro, mpimaji wa kilima.

"Bwana Muhanga, punguza udongo huu," Bi Nguchiro akasema mbele ya wote.

"Shimo nimelichimba mwenyewe. Nani wa kunipangia?"

"Shimo ni lako, bwana. Jua si lako."

Muhanga akacheka. "Basi tuanzie kwako!"

Wakaenda. Bi Nguchiro akausimamisha mkia wake kando ya tuta la mlangoni kwake, pale anapokaa kuvizia nyoka. Tuta lilizidi. Wanyama wakainamisha vichwa kwa aibu, Muhanga akatabasamu.

Bi Nguchiro hakutafuta udhuru. Alilipunguza tuta lake kwa makucha yake mwenyewe, vumbi likamjaa machoni, mpaka likawa sawa na mkia. Kisha akageuka: "Sasa twende kwako."

Muhanga akaongoza njia hadi kwake. Alisawazisha udongo wake wote kabla ya adhuhuri, na mayai ya Kenge yakapata joto.

Tangu hapo mgeni akifika kilimani, Muhanga ndiye humpokea, kifua mbele, na kumwambia: "Kwetu sisi, hata mpimaji hupimwa."