Tumbo la Upinde

Jumatatu ile mkuu wa mji alipofunga daraja, ati wageni wake wapite bila bughudha, Kalekye alikata roho kwenye machela upande wa huku, hospitali ikionekana ng'ambo.

Sasa mkuu huyohuyo anataka upinde wa kuvuta mbele ya watu siku ya sherehe. Mume wa Kalekye, fundi Munyoki, aliupaka mafuta ya nyonyo kwa kiganja, taratibu, hadi mgongo wake ukang'aa. Tumbo, upande unaomtazama mvutaji, lilibaki kavu. Kulipaka ni kazi ya mke wa fundi, tangu zamani. Na upinde mkavu tumboni humpasukia mwenyewe usoni.

"Mzee, bado tu?" tarishi wa mkuu akauliza. "Bwana mkubwa anangoja."

"Mwambie hata mimi nilingoja. Pale darajani."

Tarishi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akauchukua upinde, akaugeuza, akapitisha kidole tumboni. Kikatoka kikavu. Akamtazama Munyoki, aliyekuwa bado ameshika kibuyu cha mafuta, kizibo mkononi.

"Na huku, mzee, atapaka nani?"