Miguu ya Tunu

Shule za bweni zimebaki milimani Makete tu, na mtoto anayetetemeka kabla nusu saa haijaisha kwenye mtihani wa baridi hapokelewi. Ndiyo maana sebuleni kwetu Tanga, katika joto la kuivisha mayai, mdogo wangu Tunu alikaa miguu ikiwa ndani ya beseni la barafu.

Baba alishika saa. Mama alichambua shule kama anayechagua vitenge. "Hii sakitu yake, umande ule unaoganda alfajiri, hukausha hata viazi shambani, lakini wanatoa blanketi mbili."

Jirani yetu, Bi Mwanahawa, alichungulia mlangoni. "Wangu alikaa dakika arobaini, tena anaimba."

"Wako ana mafuta, shoga," Mama akamjibu, wakacheka.

"Mnamgandisha mtoto kama samaki wa kuuza," nikasema.

"Wewe ulitetemeka dakika ya nane," Baba alisema bila kuniangalia. "Leo unachota maji ya watu. Nyamaza."

Dakika ya ishirini na mbili Tunu alikuwa bado hajatetemeka hata kidogo. Mama akapiga kigelegele, na Bi Mwanahawa akamwitikia kwa chake, huku vidole vya mtoto vimekuwa rangi ya zambarau. Nikapiga magoti, nikautoa mguu mmoja na kuubana kwa nguvu zangu zote, nikiomba alie.

"Nikikuumiza, sema," nilimwambia, bado nimeubana.

Tunu alinitazama, akasubiri kidogo.

"Haya kaka, bana basi."