Pomboo Aliyetaka Kupigiwa Makofi

Pomboo alimwonea Nyangumi kijicho, na kijicho hicho kilimkosesha usingizi. Kila boti ya watalii ilipokuja, Pomboo aliruka na kupinduka hewani mpaka mbavu zikamuuma. Watu walimtazama kidogo, kisha wakauliza, "Nyangumi yuko wapi?" Nyangumi akiibuka kuvuta pumzi tu, boti nzima ilipiga makofi.

"Anashangiliwa kwa kupumua!" Pomboo alifoka. "Basi leo siruki. Nitajificha, na wao wanitafute."

Akazama. Huko chini akamkuta Nyangumi na mtoto wake, na mtoto alikuwa analia njaa.

"Ndugu yangu, mbona uko huku?" Nyangumi aliuliza kwa hofu. "Ukiwachezea huko juu, boti husimama, mwanangu akapata kunyonya. Usipokuwepo wanatufukuza sisi."

Mngurumo wa injini ulikuwa umeshafika juu yao.

Pomboo akapanda mbio, akaruka juu mbele ya boti kuliko siku zote. Boti ikasimama.

"Ah, ni pomboo tu," akasema mtalii mmoja.

Pomboo akaruka tena kwa hasira, na tena, na boti haikuondoka mpaka mtoto aliposhiba.